Mama Vichupa na Mnyororo wa Geti

Kila Jumanne saa mbili asubuhi mwanamke huyu alivaa buti za mpira, akabeba kreti lenye chupa kumi na mbili, akateremka kwenda kuchota majitaka. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na minane. Cheo chake kwenye karatasi kilikuwa kirefu na hakuna aliyekitumia. Wenzake walimwita Mama Vichupa, na jina likamganda kiasi kwamba siku moja meneja aliliandika kwenye barua ya kikazi bila kukusudia, na barua ikafika ilikokuwa inakwenda.

Mabwawa yalikuwa matatu, yamefuatana. La kwanza lilipokea majitaka ya mabomba ya mjini na ya magari ya kunyonya vyoo, uchafu mzito ukazama chini. La pili liliyaacha maji yapumzike juani. La tatu liliyamalizia, kisha yakatoka kwa mfereji wa zege kwenda mtoni. Ndivyo mchoro ulivyosema, na mchoro ulikuwa bado umebandikwa ukutani ofisini, umeandikwa pembeni kwamba mabwawa ni ya mji wa watu elfu arobaini. Mji sasa ulikuwa na watu wangapi, hakuna aliyethubutu kukadiria. Nyumba zilikuwa zimefika kwenye uzio. Kulikuwa na mama aliyeanika nepi za mwanawe kwenye seng'enge ya idara. Bwawa la kwanza halikuwa limewahi kuzolewa tope tangu lichimbwe, maana kila ulipopangwa mwaka wa kulizoa, mahali palipotengwa pa kumwaga hilo tope palikuwa pameshaota nyumba. Tope likapanda. Ndege weupe wenye miguu mirefu walisimama katikati ya bwawa, pale ambapo zamani mtu mzima angezama, na maji yakawafika magotini.

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye sinki, mizani na kabati la kutunza sampuli katika joto lisilobadilika. Sampuli zilikaa humo siku tano. Siku ya tano alipima, akapata namba ya uchafu uliobaki majini, na namba ya maji yanayotoka haikutakiwa kuzidi thelathini. Ilikuwa imepita miaka mingi tangu aione thelathini. Aliona mia na kumi, mia na arobaini. Akaipeleka kwa meneja, naye meneja akaitazama kama mtu anayetazama picha ya ndugu aliyemkopa akahama mji.

"Hapa umekosea," meneja alizoea kusema. "Rudia."

Akirudia, namba ilikuwa ileile. Basi meneja mwenyewe aliandika ishirini na nane, akapiga mhuri, karatasi ikaenda makao makuu. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kwamba namba ya kweli ingeleta maswali, na maswali yangemkuta yeye peke yake, bila tingatinga na bila ardhi. Funika kombe mwanaharamu apite. Na mwanaharamu alikuwa akipita kila mwezi.

Mwezi wa sita meneja alikwenda likizo kutibiwa goti. Karatasi ilitakiwa Ijumaa. Mama Vichupa akaijaza, akaandika mia na sitini na nne, akasaini, akampa mtu wa kupeleka barua. Wengine walikuja kusema baadaye kwamba alifanya ushujaa, wengine kwamba alimwinda meneja. Yeye mwenyewe alipoulizwa alijibu tu kwamba kalamu ilikuwa mkononi na namba ilikuwa mbele yake.

Wiki mbili baadaye wakaja wakaguzi wa mazingira, wanaume wawili wenye buti mpya ambazo bado zilikuwa na karatasi ya bei kwenye soli. Walizunguka mabwawa, wakaziba pua kwa adabu, wakaandika amri. Mzigo wa majitaka unaoingia mabwawani upunguzwe kwa nusu mara moja.

Meneja, aliyerudi na fimbo, aliisoma amri mara mbili. Mabomba yasingefungwa; ukifunga bomba, mji mzima unatapika kwenye vyoo vyake. Kilichoweza kushikika kilikuwa magari. Jioni hiyohiyo mnyororo ukazungushwa kwenye geti la magari, na kikabandikwa kibao kuwaelekeza madereva kwenye mtambo mpya nje ya mji. Mtambo mpya ulikuwapo, kwa maana ya kwamba nao ulikuwa na kibao. Nyuma ya kibao kulikuwa na majani.

Kesho yake asubuhi foleni ya magari ya kunyonya ilifika hadi barabara ya lami. Mlinzi wa geti, mzee mwenye kikohozi na maneno mengi, alisimama na funguo kiunoni kama bwana harusi aliyekimbiwa.

"Wazee wangu, geti limefunga swaumu," aliwaambia madereva. "Halili kitu."

"Sasa tupeleke wapi?" dereva wa gari la kwanza akauliza.

"Kibao kimesema."

"Nimetoka huko. Kuna mbuzi."

Gari la tatu kwenye foleni, la bluu, lenye taa moja ya mbele, lilikuwa la mume wa Mama Vichupa. Miaka kumi na saba iliyopita mume alikuja hapa kumwaga na mkewe alikuwa amekuja kuchota. Ndugu walizoea kuwatania kwamba ndoa yao iliunganishwa na kinyesi cha watu. Alikuwa mwanaume mtaratibu, mwenye kunawa mikono mpaka viwiko kabla ya kugusa chochote cha nyumbani. Alimwona mkewe akipita na kreti ndani ya uzio. Hakupiga honi. Alimtazama tu, akageuza gari.

Jioni mume aliketi kula. Mkewe akasubiri alaumiwe.

"Ile karatasi," akasema mwishowe, "uliandika kweli?"

"Kweli."

"Basi," akasema, akaondoa sahani.

Lakini vyoo havikujua habari ya amri. Mji ule ulikuwa mji wa mashimo. Kwa kila nyumba moja iliyounganishwa na bomba, kumi zilikuwa na shimo, na mashimo yalijaa kama kawaida yake. Watu waliwapigia simu madereva, madereva wakaja, wakanyonya. Gari likishajaa haliwezi kukaa limejaa. Mumewe alianza kurudi asubuhi, wakati yeye anatoka kwenda kazini. Walikutana mlangoni, wakasalimiana kama wapangaji. Hakumuuliza alikokwenda. Alijua kwamba akiuliza atajibiwa.

Mama mkwe wake aliishi bondeni, kwenye mtaa ulio kando ya mto, chumba na sebule, pamoja na binti yake wa mwisho aliyekuwa msusi. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, mdogo wa umbo, mcheshi. Alishona viraka vya sare za shule kwa mtaa mzima. Ndiye aliyewalea wajukuu wake wawili wakati Mama Vichupa anasoma kozi za jioni, na alikuwa na mchezo mmoja: kila mkwe wake alipofika alimshika viganja, akavinusa.

"Leo ni bwawa la ngapi, mwanangu?"

"La pili, mama."

"Afadhali. La kwanza ningekulaza nje."

Mabomba ya mtaa ule yalitoa maji siku moja kwa wiki. Siku nyingine walichota kwenye kisima kifupi nyuma ya nyumba, hatua kumi kutoka mtoni. Jumapili ya tatu baada ya geti kufungwa, Mama Vichupa alipokwenda kumwamkia, aliona mto umebadilika rangi. Alikuwa na chupa mkobani, kama wengine wanavyokuwa na leso. Akachota mtoni, akachota kisimani. Siku mbili baadaye alifungua kabati akakuta sahani za vipimo zimejaa vidoa vya vijidudu vya kinyesi, vimeshonana kiasi kwamba havihesabiki. Ya kisimani haikuwa na tofauti na ya mtoni.

Alichukua stoo chupa ya dawa ya maji, akapita kwa mama mkwe kabla ya kwenda nyumbani.

"Kizibo kimoja kwa ndoo moja, mama. Kila ndoo. Hata ya kusukutulia mdomo."

"Hata ya kusukutulia?"

"Hata hiyo. Na ya kunywa mchemshe."

"Maji haya nimeyanywa tangu wewe hujawa mkwe wa mtu," mama akasema, lakini aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati la vyombo, nyuma ya sahani za wageni.

Mama Vichupa alimwandikia meneja barua kuhusu vipimo vya mto. Meneja akamwita, akafunga mlango, akakaa na goti lake limenyooshwa kwenye kiti cha pili.

"Mto si wetu," akamwambia. "Wetu ni mfereji. Mfereji umefikia ngapi?"

"Mia na thelathini na mbili."

"Umeona? Umeshuka. Amri imefanya kazi."

Alikuwa anasema kweli. Kwenye karatasi ya mwezi ule mabwawa yalikuwa yametengemaa. Mama Vichupa alirudi maabara akaosha chupa zake. Alisikia kitu kama ganzi kikimpanda kutoka kwenye vidole, akadhani ni dawa ya kuoshea.

Wifi yake alipiga simu Alhamisi, saa nne asubuhi. Sauti ilikuwa ya mtu anayepanga maneno.

"Wifi, mama anaharisha tangu alfajiri. Kama maji ya mchele. Macho yameingia ndani. Nimempigia kaka, hapokei."

"Mpe maji ya chumvi na sukari. Mchukulie pikipiki, usisubiri mtu. Nakuja."

Kambi ya kipindupindu ilikuwa kwenye uwanja wa mpira wa shule, mahema manne kati ya goli na goli. Ilikuwa na siku mbili tu tangu ifunguliwe na vitanda vilikuwa vimejaa. Vitanda vyenyewe vilikuwa vya turubai, vimetobolewa katikati, na chini ya kila tundu kulikuwa na ndoo. Mama mkwe alilala kwenye kitanda cha tisa, dripu mkono huu na dripu mkono ule. Alikuwa amekuwa mdogo zaidi. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyefua nguo kutwa nzima.

Alimtambua mkwe wake. Alijaribu kumshika viganja, Mama Vichupa akamwachia.

"Ile dawa," mama akasema, polepole, "sikuitumia yote. Nimeiwekea akiba. Watoto wakija likizo."

"Sawa, mama."

"Chupa yenyewe ndogo."

"Sawa, mama. Pumzika."

Mama alitumia kizibo cha dawa siku mbili tu, wifi alieleza baadaye, kisha akaona ni israfu, kwa kuwa wajukuu wangekuja mwezi wa nane na matumbo yao hayajazoea.

Mwanawe alifika mchana, na ovaroli yake, mikono imeoshwa mpaka viwiko. Walinzi wa kambi wakamnyunyizia dawa kwenye viatu. Alisimama miguuni pa kitanda, hakusogea mbele. Mama alimtazama, akatabasamu kidogo, akafumba macho. Dripu ziliendelea hadi Ijumaa saa tano asubuhi, ndipo muuguzi alipokuja, akashika shingo, akasubiri, akazifunga.

Mwili haukurudi nyumbani. Watu wa afya waliovaa nguo za plastiki waliunyunyizia dawa, wakauvika mfuko, wakaufunga zipu. Walioruhusiwa kwenda makaburini walikuwa wanne. Kaburi lilikuwa refu kwenda chini kuliko kawaida na lilinyunyizwa chokaa. Ilichukua chini ya saa moja. Wifi alilia mpaka sauti ikakauka. Mama Vichupa alisimama kando yake akamshika bega, akawa anahesabu makaburi mapya yaliyo kwenye mstari ule: kumi na moja. Akahesabu tena, yakawa kumi na moja. Alijichunguza, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, kama kuna machozi mahali. Hakuyapata.

"Wifi, wewe una moyo mgumu," wifi akamwambia wakiwa njiani kurudi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayemwambia mtu kwamba kiatu chake kimefunguka.

"Labda," Mama Vichupa akajibu.

Jumamosi wageni walikuja kutoa pole, wakakaa mbali mbali kwa kuogopa ugonjwa, wakaondoka mapema. Alasiri nyumba ikabaki ya mke na mume. Watoto wao walikuwa shule ya mbali. Walikuwa wameambiwa kwa simu. Mume alikaa kwenye kochi, akitazama televisheni iliyozimwa. Mke alikaa ukingoni mwa kochi lilelile, akikunja vitambaa vya makochi vilivyokuwa tayari vimekunjwa.

"Ulikuwa unamwaga wapi?" akauliza.

Mume hakugeuka.

"Machimboni. Kule kwenye machimbo ya kokoto. Wote tulikuwa tunakwenda huko, mpaka wenyewe wakaweka watu wenye mapanga. Baada ya hapo mtoni. Mara mbili. Nilikwenda juu, mbali sana. Mbali na kwa mama."

"Maji yanateremka."

"Najua maji yanateremka."

Gari lilipita nje. Mtoto wa jirani alikuwa akisoma kwa sauti, orodha ya kitu fulani, akikosea palepale kila mara.

"Wenzangu wamemwaga mara ngapi sijui," mume akasema. "Mimi mara mbili."

"Na mimi niliandika ile karatasi."

"Uliandika kweli."

"Ndiyo. Niliandika kweli."

Hapo ndipo wangeweza kugombana, na huenda ingekuwa nafuu. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuanza. Mume alisugua viganja vyake magotini.

"Kesho nimeitwa," akasema. "Kambini. Lile shimo wanalomwagia zile ndoo limejaa. Wamepiga simu kwa madereva wote, wamekataa. Mimi sikuweza kukataa. Mama alilala pale."

Mama Vichupa aliacha vitambaa. Aliona ndoo, moja chini ya kila kitanda, na lile shimo nyuma ya goli, na bomba la gari la bluu limezamishwa humo.

"Ukishanyonya utakwenda nayo wapi?"

"Niambie wewe," mume akasema. "Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Nikimbie nayo wapi?"

Alifikiri muda mfupi. Halikuwa swali gumu. Lilikuwa na jibu moja, na jibu lilikuwa na mnyororo.

"Kabla hujanyonya, waambie wamwage chokaa shimoni, mifuko yote waliyonayo, wakoroge, wasubiri saa mbili. Halafu uje mabwawani."

"Geti?"

"Wewe njoo."

Jumapili mabwawani hakukuwa na mtu ila mlinzi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, akisikiliza redio. Alimpa pole ya msiba, kwa maneno mafupi kuliko kawaida yake.

"Mzee, naomba ufunguo wa geti la magari," Mama Vichupa akasema.

Mlinzi akazima redio.

"Una barua?"

"Sina."

"Meneja anajua?"

"Hajui. Atajua kesho."

Akamweleza, bila kupamba: gari linakuja kutoka kambini, na kilichomo kisipoingia hapa kitaingia mtoni, maana mahali pa tatu hapapo. Mlinzi alisikiliza, akikohoa. Nyumba yake nayo ilikuwa bondeni.

"Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Ila haya yetu, hata kabla hayajamwagika hakuna anayetaka kuyazoa." Akafungua kamba ya funguo kiunoni, akaiweka juu ya kiti. "Tumbo linanisumbua. Nakwenda chooni. Mimi nikikaa chooni nakaa."

Akaondoka, hakugeuka nyuma.

Kufuli lilikuwa limeshika kutu ndani ya wiki tano tu. Alilazimika kuligonga kwa jiwe. Gari la bluu lilifika saa saba mchana, mumewe nyuma ya usukani akiwa na barakoa. Mama Vichupa alimwongoza kwa mkono, kushoto, kushoto, simama, mpaka kwenye mlango wa bwawa la kwanza. Walivaa glovu. Mume alifungua valvu taratibu, kama alivyoambiwa, na mke akawa anamimina chokaa zaidi kwenye mfereji wa kuingilia. Ilichukua dakika arobaini. Hawakuzungumza ila maneno ya kazi: punguza, ongeza, tosha. Walipomaliza wakanyunyiziana dawa buti na magurudumu. Ndege waliruka, wakazunguka, wakarudi kusimama kwenye tope.

Madereva hawana siri. Kufikia saa tisa yalikuwapo magari sita nje. Angeweza kufunga. Alilitazama la kwanza, lile la mwanaume aliyekuta mbuzi, akasogeza mnyororo pembeni.

"Moja baada ya jingine," akawaambia. "Moja kila nusu saa. Atakayefungua valvu yote kwa pamoja haingii tena."

Walitii. Walikuwa wamechoka kuwindwa kwa mapanga. Alisimama pale mpaka jua likaelekea kuzama, akijua kabisa anachokifanya. Maji yangetoka mfereji wa mwisho yakiwa meusi zaidi, mia na sitini, mia na themanini, yangeingia mto uleule, ila chini ya mji, na yangekuwa yamepita siku nyingi juani kwenye mabwawa matatu badala ya kuingia kisimani siku ileile. Chini kulikuwa na wakulima wa mboga. Jumatatu asubuhi, kabla ya kuripoti, aliwatembelea mmoja mmoja, wanawake saba na mzee mmoja, akawaomba wasioshe mboga kwa maji ya mto na wasiruhusu watoto kuogelea. Walimsikiliza. Mmoja alimuuliza waoshe kwa maji gani. Akasema bomba. Wakatazamana, na hakuna aliyemcheka.

Meneja hakupiga kelele. Alimkuta maabara, akakaa kwenye stuli pekee iliyokuwapo, akaweka fimbo sakafuni.

"Umeniweka mahali pabaya," akasema.

"Najua."

"Nikilifunga tena geti, gazeti litasema tunaua watu. Nikiliacha wazi, nimevunja amri. Nikusaidieje?"

"Sikuomba kusaidiwa, bosi."

"Hilo ndilo tatizo lako. Huombi." Alilitazama kabati la sampuli kwa muda. "Pole kwa msiba. Sikuweza kuja."

Geti liliachwa wazi. Hakuna barua iliyosema liwe wazi; mnyororo tu ulipotea, na hakuna aliyetoa oda ya kununua mwingine. Barua iliyotoka ilikuwa ya Mama Vichupa: alihamishiwa idara ya kusoma mita za maji, kuanzia mwezi ujao, kwa kukiuka utaratibu. Alikabidhi chupa kwa kijana mmoja aliyetoka chuoni, akamwonyesha jinsi ya kuzamisha chupa mdomo ukielekea mkondo unakotoka. Kijana alimuuliza namba halisi huwa ngapi. Akamwambia. Kijana akaandika kwenye kiganja chake.

Kipindupindu kilikaa mwezi mmoja na nusu, kikaua watu sitini na watatu kwa hesabu iliyotangazwa. Kisha kikapungua, kikaisha. Wengine walisema ni mvua zilizosafisha mto, wengine ni dawa iliyowekwa visimani, wengine ni maombi. Geti halikutajwa na mtu. Mume aliendelea na gari lake. Mke alitembea mitaa mipya, akifunua vifuniko vya mita, akiandika tarakimu. Jioni walikula pamoja, wakazungumza juu ya ada za watoto na paa linalovuja. Walikuwa na upole wa watu waliobeba kabati pamoja kwenye ngazi nyembamba, kila mmoja akiogopa kumbana mwenzake vidole.

Mwezi wa kumi alikwenda kwa wifi yake kusukwa nywele. Wifi alikuwa hajaonana na kaka yake kwa wiki kadhaa. Kaka alikuwa na udhuru kila mara. Walikaa kibarazani, Mama Vichupa chini kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti ya wifi. Wifi alichana, akagawa, akaanza msuko wa kwanza. Walizungumza habari za mwenye nyumba. Akafika msuko wa nne.

"Wifi," akasema, mikono haijasimama, "nimesikia maneno mtaani. Kwamba kaka naye alimwaga mtoni."

"Kweli. Mara mbili."

Mikono ikasimama.

"Na geti," Mama Vichupa akaendelea, akitazama mbele, "lilifungwa kwa sababu yangu. Niliandika karatasi. Kabla ya hapo walikuwa wanamwaga mabwawani."

Mbele yao mtoto alikuwa akikokota kopo kwa kamba. Wifi aliliacha chanuo limekwama kwenye nywele. Mama Vichupa alisikia pumzi zake juu ya utosi, zinaingia na kutoka. Alisubiri asukumwe, aambiwe ainuke aende zake na kichwa kilichosukwa nusu.

Wifi akachomoa chanuo. Akashika nywele, akaanza msuko wa tano. Alivuta kwa nguvu, zaidi ya alivyovuta minne ya kwanza, ngozi ya kichwa ikavutika mpaka kwenye nyusi, na machozi yakamtoka Mama Vichupa, yakamshuka mashavuni mpaka kidevuni. Hakuyafuta.

"Inauma?" wifi akauliza.

"Inauma."

"Geuka huku," wifi akasema, na akageuka.